Simu, intaneti na habari ukiwa Ujerumani: maswali wanayoniuliza wageni kabla ya kupanda ndege

Naishi Bonn. Kila mwaka, kuanzia Mei mpaka Septemba, nyumba yangu haikosi mgeni: ndugu, rafiki wa ndugu, jirani wa rafiki. Maswali wanayoniuliza kabla ya safari ni yaleyale, na nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp za dakika saba saba. Nimeyaandika hapa. Namjibu mtu anayekuja kwa wiki mbili hadi miezi mitatu: wa kutembelea ndugu, wa mkutano, wa kuja kutazama chuo. Jambo moja utalikuta karibu katika kila jibu: huku mawasiliano yanaanza kwa kuulizwa wewe ni nani, na nani kakuruhusu.

Simu yangu niliyoinunua Kariakoo itashika mtandao huko?

Ikiwa ni simu janja ya 4G, kwa kawaida itashika bila shida. Mwenye simu ya zamani ya 3G ndiye atakayesumbuka. Mitandao ya Ujerumani iliizima 3G mwaka 2021, kwa hiyo simu hiyo itarudi kwenye 2G: utapiga na kutuma meseji, lakini intaneti utaiona kwa macho tu. Kitochi cha bibi, cha ajabu, bado kinafanya kazi, ingawa Telekom na Vodafone zimetangaza kuizima 2G nayo mwaka 2028. Hakikisha tu simu yako haijafungwa kwa mtandao mmoja. Zile zinazouzwa kwa mkopo na kampuni za simu nyumbani mara nyingi zimefungwa.

Na chaja?

Ukitoka Tanzania, Kenya au Uganda, plagi yako ya miguu mitatu ya mraba haiingii. Soketi za huku ni za matundu mawili ya duara, umeme volti 230. Nunua adapta nyumbani. Kwenye uwanja wa ndege utailipia kama dhahabu. Wanaotoka Rwanda, Burundi na Kongo mara nyingi hawahitaji, maana plagi zao ni za miguu ya duara. Waya ukipotea usihangaike: tangu Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya lazima zitumie tundu la USB-C, basi kila nyumba ina waya huo.

Ninunue laini ya kampuni gani?

Wenye minara yao ni wanne: Telekom, Vodafone, O2 na 1&1. Telekom husifiwa kwa kushika vizuri vijijini na hutoza zaidi. Ila mgeni wa wiki tatu haendi kwenye duka la kampuni hizo, anakwenda dukani kununua maziwa. Maduka makubwa ya vyakula yana laini zao zinazopanda migongo ya wakubwa: Aldi Talk ya duka la Aldi inatumia mtandao wa O2, Lidl Connect inatumia wa Vodafone. Congstar ni mtoto wa Telekom. Pakiti ya kuanzia utaikuta karibu na mashine ya kulipia, pamoja na peremende na betri, kwa kiasi cha euro 10.

Bando zake ni za wiki nne, si za mwezi. Mgeni wangu mmoja alihesabu mwezi, akakatika siku mbili kabla ya kuondoka, akiwa njiani kuelekea uwanja wa ndege na tiketi imo ndani ya simu. Na usizoee bei za nyumbani, kwamba utanunua bando la siku moja kwa shilingi elfu. Bando la saa 24 lipo kwa baadhi ya kampuni, lakini hesabu inalipa ukichukua la wiki nne, hata kama unakaa wiki mbili.

Kitu kingine: usikubali kusaini mkataba. Kijana dukani ataongea vizuri, atakuonyesha simu ya bure, na karatasi itakuwa ya miezi 24. Neno la kuliogopa ni *Vertrag*. La kulitafuta ni *Prepaid*, yaani kulipia kabla.

Kwa nini wanataka pasipoti yangu kwa laini ya euro 10?

Kwa sababu ya sheria. Tangu tarehe 1 Julai 2017 hakuna laini ya kulipia kabla inayowashwa Ujerumani bila mwenyewe kuthibitishwa kwa kitambulisho. Wenzetu wa Kenya na Tanzania hawatashangaa, tumeshazoea kusajili laini. Tofauti ni kwamba hapa unanunua laini kwanza, kisha unakwenda nayo nyumbani, halafu ndipo mateso yanaanza.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya video: unafungua programu, mtu anatokea kwenye kioo, anakwambia uinamishe pasipoti kushoto, kulia, utikise alama zinazong'aa, usome namba. Ya pili ni posta: unachapisha karatasi, unaipeleka kaunta pamoja na pasipoti, karani anaandika, unasubiri. Ya video ni ya haraka, lakini si kila pasipoti inakubaliwa. Binamu yangu alikaa mezani kwangu jikoni saa nzima na robo. Dada wa kwenye kioo alikuwa mpole, akampeleka dirishani kwa ajili ya mwanga, akamrudisha mezani, mwishowe akasema nchi yake haimo kwenye orodha. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, posta ya mtaa imefungwa tangu saa saba. Jumatatu tukaenda.

Siku hizi wageni wangu nawapeleka Afroshop. Karibu kila mji wenye Waafrika una duka la aina hiyo: unga wa muhogo, dagaa, mafuta ya mawese, nywele za kusuka hadi darini, na nyuma ya kaunta kijana anayeuza laini za Lebara au Lycamobile na kutuma fedha. Anaipiga picha pasipoti yako, anabonyeza, anakuuliza unaishi wapi, na mara nyingi unatoka laini ikiwa hai. Anwani wanayotaka ni ya Ujerumani, hivyo uwe nayo kichwani: ya mwenyeji wako au ya hoteli, pamoja na namba ya posta ya tarakimu tano.

Si bora nichukue eSIM kabla sijaondoka?

eSIM ni laini isiyo na kadi, unaipakua ndani ya simu. Kama simu yako inaikubali, ndiyo, hasa kwa safari fupi. Unainunua mtandaoni ukiwa nyumbani, unaiwasha ukitua, hakuna anayeuliza pasipoti. Kasoro yake ni kwamba nyingi zinakupa data tupu bila namba ya Kijerumani. Kwa WhatsApp na ramani inatosha. Ila siku utakapotaka kupigiwa na daktari, au fundi wa baiskeli ya kukodi, au ofisi yoyote, watataka namba inayoanza na +49, na wewe huna.

Natua Jumapili. Nitapata laini?

Jumapili maduka Ujerumani yamefungwa. Si yamepunguza saa, yamefungwa. Yaliyo wazi ni ya viwanja vya ndege, ya stesheni kubwa za treni, vituo vya mafuta na vioski. Berlin kuna vile vinavyoitwa *Späti*; huku kwetu mtoni Rhine tunaviita *Büdchen*. Utapata vocha na mara nyingine laini, lakini wa kukusajilia huenda hayupo. Anayetua Jumapili na aje na eSIM, au apakue ramani ya mji na kamusi ya Kijerumani kwenye simu kabla ya kuondoka, vitumike bila mtandao.

Laini ya nyumbani niitoe?

Usiitupe droo ya hoteli. Ujumbe wa benki wenye namba za siri unakuja kwenye laini ile, na bila ujumbe huo M-Pesa na akaunti yako vinakuwa mapambo. Kabla ya kuondoka, iombe kampuni yako ikuwashie huduma ya kutumia laini nje ya nchi, kwa sababu ukishafika huku kuiwasha ni taabu. Kisha zima data ya laini hiyo, uache meseji tu. Uliza na bei ya kupokea simu: ukiwa nje, mara nyingi unalipia hata kupigiwa, na shemeji anayekupigia kukuuliza kama umefika salama hajui hilo.

Kupiga WhatsApp kunaruhusiwa?

Kunaruhusiwa kabisa, sauti na video. Waulizao hili mara nyingi ni ndugu wanaoishi Falme za Kiarabu, ambako simu za WhatsApp zinazuiwa. Wajerumani wenyewe wanaitumia kutwa nzima. VPN, ile programu ya kuficha uko wapi mtandaoni, pia si kosa.

Nikivuka kwenda Paris au Amsterdam laini itaendelea?

Itaendelea, kwa bei ileile. Tangu Juni 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya inatumika katika nyingine bila nyongeza, kwa matumizi ya kawaida ya msafiri, na utaratibu huo umeongezewa muda mpaka 2032. Walio nje ya utaratibu ni Uswisi na Uingereza. Baadhi ya kampuni huwaingiza kwa hiari yao, nyingine hapana, hivyo soma masharti. Hatari kubwa ni mpakani. Ukiwa Konstanz, unakunywa kahawa yako ndani ya Ujerumani, simu inaweza kudaka mnara wa Uswisi ng'ambo ya barabara na kula salio lote kabla kahawa haijapoa. Ukikaribia mpaka ule, zima data ya nje ya nchi, ile inayoandikwa *roaming* kwenye simu.

Waifai ya bure ipo?

Ipo kwenye hoteli, mikahawa mingi, maktaba za umma na treni za mwendo kasi za ICE, ambako mtandao unaitwa WIFIonICE. Uliza *WLAN*, tamka "velan". Ukisema waifai wataelewa, lakini bango limeandikwa WLAN. Nchi hii ilichelewa sana katika jambo hili. Zamani mwenye mkahawa aliweza kushtakiwa kwa alichokifanya mteja kwenye mtandao wake, basi kila mtu akafunga mlango. Sheria ilirekebishwa mwaka 2017. Vijijini na katikati ya reli bado utakutana na *Funkloch*, yaani tundu la mtandao, na ndiyo maana Wajerumani wenyewe hupakua vipindi vyao nyumbani kabla ya safari.

Naweza kupakua filamu kwa torenti kwa mwenyeji wangu?

Nakusihi, usifanye. Kwa torenti, huku unapakua, huku simu yako inawasambazia wengine. Hili limevunja undugu. Zipo ofisi za mawakili ambazo kazi yao ni kufuatilia nani anapakua na kusambaza filamu na muziki bila haki. Zikiona, zinaomba mahakama iwape jina la mwenye mtandao, na barua inakwenda kwake. Barua hiyo inaitwa *Abmahnung*, na inadai mamia ya euro. Mgeni ameshapanda ndege zamani, mwenyeji ndiye anayefungua bahasha. Kwa kuangalia tu kwenye programu halali hakuna tatizo. Baadhi ya programu za televisheni za nyumbani hazitafunguka kwa sababu haki zake ni za Afrika tu.

Namba za simu zinasomwaje? Naambiwa namba, nikipiga haipatikani.

Swali hili nalipenda. Mjerumani hutaja namba mbili mbili, na kwa lugha yake mamoja hutangulia makumi. Arobaini na saba kwake ni *siebenundvierzig*, saba na arobaini. Unasikia saba, unaandika 7. Unasikia arobaini, unaandika 4. Sasa una 74 na unampigia mtu mwingine kabisa. Mwombe asome tarakimu mojamoja. Akisema *zwo*, anamaanisha mbili. Wanatamka hivyo simuni ili isichanganywe na tatu.

Jina lako nalo litageuzwa. Kwao J ni Y, W ni V, na Z ni TS. Juma anaitwa Yuma, Wambui ni Vambui, na shangazi yangu Zainabu aliketi kwa daktari wa meno akasikia "Frau Tsainabu" mara tatu bila kuinuka. Kwenye simu toa jina la ukoo kwanza, ulitaje herufi kwa herufi. Wao wenyewe wakipokea simu husema jina la ukoo badala ya halo. Usidhani wamekasirika.

Ukipiga ndani ya nchi unaanza na 0. Ukiweka +49 sifuri hiyo inaondoka. Zinazoanza na 0800 ni za bure. Zinazoanza na 0900 zina bei ya kutisha, usizirudishie hata kama zimekupigia zenyewe.

Tofauti ya saa ni ngapi?

Kwa Tanzania, Kenya na Uganda: saa mbili wakati wa baridi, saa moja wakati wa joto, maana huku saa zinasogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kwa Goma, Bukavu, Kigali na Bujumbura: saa moja wakati wa baridi, na wakati wa joto mko sawa. Mtego uko kwenye maneno. Mjerumani akikwambia *halb acht* ana maana ya 7:30, si 8:30. Kwake ni nusu ya kuielekea nane. Ukihesabu Kiswahili, hiyo ni saa moja na nusu. Waliosoma Kiingereza ndio wanaochelewa.

Naweza kuongea na simu ndani ya treni?

Unaweza, lakini angalia umekaa wapi. Treni za ICE zina sehemu iitwayo *Ruhebereich*, ya utulivu, yenye picha ya kidole mdomoni. Hapo hupokei simu, husikilizi kitu bila spika za masikioni, hucheki sana. Sehemu nyingine zinaruhusu, kwa sauti ya chini.

Shangazi huyohuyo Zainabu tulimpeleka Berlin. Tulikaa, bila kujua, kwenye *Ruhebereich*. Tukiwa tumepita Hannover akapigiwa kutoka Tanga: harusi, mahari, nani kasema nini. Akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Behewa zima likasikia mahari ni kiasi gani, bahati nzuri kwa Kiswahili. Mzee mmoja aliinuka polepole, akasimama mbele yetu, hakusema neno, akaelekeza kidole kwenye ile picha ya kidole. Shangazi akamwambia "shikamoo", akakata simu. Mzee akarudi kwenye gazeti lake. Hapakuwa na ugomvi, na hivi ndivyo mara nyingi watakavyokukosoa huku: kwa kuelekeza kidole kwenye bango.

Namba za dharura?

112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi. Zote bure. Ukiumwa usiku lakini si wa kufa, ni 116117, ya daktari wa zamu. Zingatia hili: Ujerumani simu isiyo na laini haiwezi kupiga 112. Ilizuiwa mwaka 2009 kwa sababu ya watu waliokuwa wakipiga kwa utani. Kwa hiyo usimwachie mtoto simu tupu ukadhani ana msaada mfukoni.

Simu yangu ililia king'ora peke yake, hata nilipoizima sauti. Nimedukuliwa?

Hapana. Ukiwa hapa Alhamisi ya pili ya Septemba, saa tano asubuhi kwa hesabu yetu, nchi nzima hujaribu mitambo ya tahadhari. Ving'ora vya mitaani vinalia, na simu nyingi zinapiga kelele mbaya na kuonyesha ujumbe wa Kijerumani. Dakika arobaini na tano baadaye linakuja tangazo la usalama.

Siku nyingine yoyote ikilia, soma. Utaratibu huu wa kutuma tahadhari kwa kila simu iliyo karibu na mnara ulianza rasmi Februari 2023, baada ya mafuriko ya Julai 2021 yaliyoua zaidi ya watu 180 nchini, wengi wao kwenye bonde la mto Ahr, mwendo mfupi kwa treni kutoka hapa ninapoandika. Usiku ule wengi hawakuonywa kwa wakati. Mwenyeji wako ataitazama simu kwa uzito ambao mgeni haelewi, na sababu ni hiyo.

Naweza kupiga picha ninavyotaka?

Majengo, mito, keki, ndiyo. Watu, omba ruhusa. Sheria ya mwaka 1907 inasema picha ya mtu haisambazwi bila idhini yake, na bado inatumika. Chanzo chake ni kisa: Bismarck, kansela wa kwanza wa Ujerumani, alipofariki mwaka 1898, wapiga picha wawili walijipenyeza usiku chumbani alikolazwa maiti wakampiga picha wakitaka kuiuza. Familia ikashtaki, na miaka michache baadaye ikaja sheria. Mtu akiwa sehemu ndogo tu ya mandhari, haina neno. Ila kumrusha mubashara muuza mboga sokoni kwa sababu ana sura ya kuchekesha ni kujitafutia shari, na watoto wa watu usiwaguse kabisa.

Kurekodi sauti ni kosa zito zaidi. Kuyanasa kwa siri mazungumzo ya faragha, yakiwemo ya simu, ni jinai inayoweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Kupiga picha majeruhi wa ajali nako ni jinai. Na usifanye mzaha na saluti ya Wanazi: Agosti 2017 watalii wawili kutoka China walikamatwa mbele ya Reichstag, jengo la bunge, Berlin, kwa kupigana picha wakiinyoosha mikono hivyo.

Nikitarajia barua au kifurushi, kitanifikia kwa mwenyeji wangu?

Kitafika ikiwa jina lako limo kwenye sanduku la barua. Wajerumani hawana namba za vyumba. Tarishi anasoma majina yaliyobandikwa mlangoni, na jina lisipokuwepo anarudisha. Jengo langu lina familia kumi na mbili na visanduku kumi na viwili vya bati. Changu, kila Mei, kinaota karatasi ndogo chini ya jina langu, nimeiandika kwa kalamu na kuibana kwa gundi ya utepe: jina la mgeni wa mwaka huo. Anayekutumia aandike jina lako, kisha "c/o" na jina la mwenyeji. Nchi hii bado inaishi kwa barua. Kadi ya benki inakuja kwa barua, namba yake ya siri kwa barua nyingine, siku nyingine.

Kutuma kadi ya posta kwenda nyumbani ni euro 1.25 tangu Januari 2025. Masanduku ni ya njano. Telegramu umechelewa, waliifuta mwisho wa 2022, na vibanda vya simu vya barabarani vilivyobaki vina vitabu vya kuazimana.

Nitapataje habari kwa lugha ninayoielewa?

Kwa Kiswahili, ya nyumbani kwetu Bonn ndiyo ya kwanza kuitaja: Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, hewani tangu 1963. Studio ziko hapa, lakini usizungushe redio kuitafuta, kwa sababu DW kisheria inatangaza kwa walio nje ya Ujerumani. Ifuate mtandaoni. DW ya Kiingereza utaikuta kwenye televisheni za hoteli nyingi.

Kwa Kijerumani, taifa linakaa kutazama *Tagesschau*, taarifa ya habari ya televisheni ya umma ARD, saa mbili kamili usiku, robo saa tu, tangu 1952. Wakati huo usimpigie mzee wa Kijerumani simu. Anayejifunza lugha asikilize habari za DW zinazosomwa polepole, au toleo la *Tagesschau* la lugha nyepesi lililoanza 2024. Redio ya kusikiliza ni Deutschlandfunk, haina matangazo ya biashara. Magazeti utayapata duka la vitabu la stesheni: Frankfurter Allgemeine kwa wahafidhina, Süddeutsche ya München kwa waliberali, Die Zeit kila Alhamisi, kubwa kama mkeka, na Bild kwa wanaotaka herufi kubwa na mpira. RT na Sputnik za Urusi zimefungwa Umoja wa Ulaya nzima tangu 2022.

Sinema na tamthilia za nje zimewekewa sauti za Kijerumani. Denzel Washington anaongea Kijerumani sanifu. Kwenye jumba la sinema tafuta alama OV, lugha yake ya asili, au OmU, lugha ya asili na maandishi chini.

Natakiwa kulipia redio na televisheni?

Mgeni wa hoteli au wa nyumba ya mtu, hapana. Ukipanga nyumba na kujiandikisha, ndiyo: euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba, uwe na televisheni au huna. Wanafunzi wapya huitupa barua ya kudai ada hiyo wakidhani ni tangazo. Si tangazo.

Mpira?

Bundesliga na Ligi ya Uingereza ziko kwenye chaneli za kulipia. Muhtasari wa Jumamosi jioni kwenye *Sportschau* ya ARD ni bure. La sivyo, tafuta baa yenye bango dirishani, agiza soda moja, uinywe dakika tisini.

Nikikodi gari, naweza kushika simu?

Hapana, hata kwenye taa nyekundu injini ikiwaka. Euro 100 na alama moja ya adhabu. Kwenye baiskeli euro 55.

Tiketi ya treni ikiwa ndani ya simu na chaji imeisha?

Kwa mkaguzi huna tiketi. Faini ni euro 60. Ikiwa tiketi ina jina lako unaweza kuionyesha baadaye na faini ikapungua sana, lakini utaandikiwa karatasi na utaenda ofisini. Beba betri ya akiba.

Nikiondoka, laini nimwachie nani?

Hakuna wa kuachiwa. Imesajiliwa kwa jina lako na pasipoti yako. Atakachokifanya mwingine nacho kitasomwa kuwa chako. Ya kulipia kabla haidai chochote, salio likiisha imekufa yenyewe. Mimi nina kopo la majani ya chai juu ya friji lenye laini tisa za wageni waliopita. Kila mmoja aliniachia akasema, "Mpe atakayekuja."